Miaka ya Kulamba Mawe, Asubuhi ya Kuyatupa

Ulimi wangu umestaafu kabla ya miguu. Miguu bado inataka kwenda, na ikisikia kuna duara jipya, shimo la dhahabu, limefunguliwa mahali inaanza kuwasha, lakini ulimi nimeupumzisha. Ninyi vijana mliobaki Rwamgasa, pale mdomoni mwa duara, kila wiki mnanipigia simu: "Mzee Ulimi, hili tuliweke au tulitupe?" Wanangu, jiwe halionekani kwa simu. Kwa hiyo naandika. Mtanisamehe mpangilio. Shule niliiacha darasa la tano, nikapanda lori la pamba pale Didia kwa sababu nilitaka kujua pamba inakwenda wapi. Nikajua. Kisha nikataka kujua mengine, na darasani sikurudi.

Nimeswaga ng'ombe wa watu hadi mnadani, nimepakia mpunga, nimeuza mitumba Kahama, nimekaa na fundi saa kwa sababu tu nilitamani kuona saa ina nini ndani. Hakuna aliyenifukuza. Niliondoka kila mahali nilipokwisha kuelewa. Dhahabu ndiyo kazi pekee ambayo sikuielewa upesi, ndiyo maana nimezeekea humo.

Siku ya kwanza nilimkuta Masanja amekaa juu ya kiroba cha mawe, mguu mmoja una buti na mwingine una ndala. Msukuma wa Didia kama mimi, umri wa kaka mkubwa, lakini chini ya ardhi alikuwa babu yangu.

"Mwangaluka," nikamsalimu.

"Mwangaluka. Unaogopa giza?"

"Sijui."

"Vizuri. Wanaosema hawaogopi ndio wanaotusumbua."

Akaniteremsha. Kule chini dari ilikuwa imeinama kiasi kwamba huwezi kuinua mkono kupita kifua. Kazi yangu ilikuwa kuokota mawe yaliyopasuliwa kwa moko, ile patasi ya chuma, na nyundo, na kuyarusha kwenye ndoo iliyokuwa pembeni yangu. Nikarusha kama mtu anayefukuza mbwa. Kiwiko kikagonga mwamba, nikaona nyota. Masanja alicheka hadi tochi ya kichwani mwake ikacheza ukutani.

"Wee, bega liache nyumbani! Jiwe hurushwa na kifundo cha mkono. Mkono ushuke kando ya paja, kifundo kikunjuke, jiwe liache liende lenyewe. Kama unamwaga maji ya kikombe."

Hadi jioni nilikuwa nimejua. Shikeni hilo la kifundo, maana nitalirudia.

Baadaye akanipandisha juu, akanikalisha kando yake mahali viroba vinapopokelewa, akaanza kunifundisha kusoma mawe. Mnaijua kazi hiyo, lakini wengi wenu mnalamba mara moja na kutoa hukumu. Mara moja haitoshi. Ulimi wa kwanza ni wa kuondoa vumbi. Pasua jiwe, kisha lamba ule uso mpya, ambao haujawahi kuona jua tangu dunia iumbwe. Halafu geuza. Lipeleke juani, lipeleke kivulini, lirudishe juani. Pairaiti, dhahabu ya uongo, ni kama tapeli, juani inameremeta na kivulini huioni. Dhahabu haina haraka hiyo. Ni njano juani, ni njano kivulini, ni njano hata ukiichukia. Na jiwe lililolala karibu na zebaki msilitie mdomoni kabisa, tumieni maji ya chupa. Ulimi hauoti tena.

Kazi yote inaishia katika maneno mawili. "Weka" ni la kwenda kusagwa. "Tupa" ni magwangala, yaani jiwe lisilo na kitu, linakwenda kwenye rundo. Masanja alisema "weka" mara chache mno, na aliposema, watu walianza kuimba kabla hajafunga mdomo. "Tupa" ndilo neno lililotulisha uchungu. Kuna duara moja vijana walichimba tangu masika hadi masika, wakafika mahali ukuta unameta kama duka la sonara. Mbuzi akachinjwa. Mimi nikaitwa nikiwa peke yangu, Masanja akiwa na homa. Nikalamba, nikapasua, nikalamba, nikageuza. Watu zaidi ya thelathini wananiangalia mdomo.

"Tupa," nikasema.

Mmoja akanishika kola. "Rudia."

"Tupa, ndugu yangu. Ni pairaiti."

"Mshusheni humo akaitafute yeye!" mwingine akapiga kelele, na kwa kweli walinisogeza hadi ukingoni. Kilichoniokoa ni Masanja, aliyekuja amejifunika blanketi, akachukua jiwe lile lile, akaligeuza juani na kivulini, akasema "Tupa," akarudi kulala. Mbuzi tulimla kwa ukimya. Nilijifunza siku hiyo kwamba kusema "tupa" kwa mtu aliyekwisha kuvuja jasho ni kazi ngumu kuliko moko, na nimeifanya maisha yangu yote.

Mama Shabani nilimpata hapo hapo Rwamgasa. Msumbwa wa Ushirombo, binti wa nyumba ya Kiislamu kama yangu, akiponda mawe. Wakati ule makarasha ya kusagia yalikuwa machache, na mawe mengi yaliishia kwa akina mama waliokaa chini wamenyoosha miguu, wamelizungushia jiwe pete ya mpira wa tairi lisiruke, nyundo juu, nyundo chini. Nilimpelekea kiroba nilichokipitisha mwenyewe. Akaponda jiwe la kwanza, akalitazama, akanirudishia nusu yake kama magwangala.

"Kaka, ulimi wako una homa?"

Nikamwoa.

Kila alipofungua kiroba kipya alisema, "Bismillahi, twende Makka." Wenzake wakamtania: "Mayu, Makka hakufikiki kwa nyundo." Yeye akijibu, "Hata Geita mjini hamjafika, mnajuaje?" Aliponda akiwa na mimba ya Shabani, akaponda Shabani akiwa mgongoni. Nilipohamia maduara ya upande wa Kahama, karibu na Buzwagi, kwa sababu tu nilisikia mawe ya huko yana rangi nyingine, alibeba nyundo yake akanifuata bila kuuliza. Niliporudi Rwamgasa kwa sababu nimekwisha kuiona rangi yenyewe, alinifuata tena, safari hii akiuliza sana.

Tulichelewa kwenda Makka kama watu wengi wanavyochelewa, na sababu ni ile mnayoijua, fedha. Ilipofika zamu yetu, Shabani alikuwa mtu mzima, fundi wa makarasha Kahama, sisi tumehamia kwake, naye akasema atakwenda nasi, wazazi hawaendi peke yao. Furaha ilijaa nyumba. Lakini bega la kulia la mama yake lilikuwa limegoma. Daktari alisema kiungo kimelika. Mkono ulikuwa unapanda hadi kifuani, hapo unasimama kama ng'ombe mbele ya daraja.

Kwenye mafunzo ya mahujaji, msikitini, Sheikh Idrisa aliyekuwa kiongozi wa msafara wetu alifika kwenye kutupa mawe kule Mina. Kuhusu mtu taabani akaeleza vizuri, kwa upole: "Mgonjwa au mzee asiyeweza kutupa anawakilishwa na mtu. Hija yake imetimia, haina upungufu."

Watu wakamgeukia mke wangu. Akainua mkono wa kushoto.

"Sheikh, nauliza. Na anayeweza, ila akawakilishwa kwa uvivu?"

"Huyo hapana, Mama Shabani."

"Basi mimi bado sijajua kama siwezi. Nikijua nitakwambia."

Nyumbani Shabani hakukubali. Aliogopa msongamano, aliogopa mama yake ataumia zaidi. "Mama, nitakutupia mimi. Dini ni nyepesi."

"Dini ni nyepesi, mimi si nyepesi."

"Basi tumia wa kushoto. Huo mzima."

"Wa kushoto uliponda nini? Mkono huu ndio ulioniahidi Makka tangu hujazaliwa. Huu ndio utakaotupa."

Walibishana hadi wakafikia makubaliano kama wafanyabiashara. Atajaribu mwenyewe. Mawe matatu ya kwanza yakishindwa kufika, atampa Shabani yaliyobaki na hapatakuwa na neno tena. Nilimwona anavyolitamka hilo "sawa" lake, na nilijua kwamba likitokea, atarudi Kahama akiitwa Hajjati na moyoni atakuwa na kitu ambacho zamzam haikiponyi.

Hapo ndipo Masanja aliponirudia kichwani, na ile dari iliyoinama. Mtu asiyeweza kuinua mkono kupita kifua! Sisi sote tulikuwa hivyo, kila siku, na mawe yalifika. Nikaweka karai uani, nikachora mstari, nikamsimamisha mke wangu nyuma yake.

"Bega liache nyumbani. Mkono kando ya paja. Kifundo tu. Kama unamwaga maji ya kikombe."

La kwanza likampata kuku. Siku ya pili likagonga ukingo. Baada ya muda ikawa mimi nikisema "Tupa!" kwa sauti ile ya mdomoni mwa duara, karai linajibu kwaa! Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Baba Shabani, mnamfukuza shetani hata hamjamfikia?"

"Tunampelekea taarifa," nikamjibu.

Sitawaeleza ndege, maana nilikaa dirishani na sikutoka hapo. Sitawaeleza sana Kaaba, kwa kuwa nilipoiona sikuwa na maneno na hadi leo hayajarudi. Nitasema tu kwamba katika tawafu, watu wa rangi zote tunazunguka, bega kwa bega, nilifikiria karasha la Shabani linavyozungusha mawe, yanasagana yenyewe kwa yenyewe hadi kilichomo ndani kinaachana na mwamba. Nilimwambia Shabani. Akasema, "Baba, hapa nisahaulishe kazi." Lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Arafa tulisimama na kuomba mchana kutwa. Wenzetu wa pwani walilalamikia joto, sisi tuliowahi kuwa chini ya duara siku ambayo mashine ya upepo imezimika tulilipokea kama mgeni tunayemjua.

Kutoka Arafa msafara hulala Muzdalifa, uwanda wa mawe na changarawe, na hapo ndipo wengi huokota vijiwe vya kutupia. Wanyonge wanaruhusiwa kuondoka mapema, lakini Mama Shabani alikataa kuhesabiwa miongoni mwao. Tukaswali alfajiri. Mwanga ukaanza kutanda, watu kila upande wameinama wanaokota, nami nikainama. Vijiwe vyenyewe ni vidogo, kama punje ya dengu au maharage. Nikashika cha kwanza.

Nikakilamba.

Wallahi sikufikiri. Mkono uliokota, ulimi ukafanya kazi yake. Nikakigeuza kwenye mwanga, nikakitia kivulini kwa kiganja, nikakitupa. Nikaokota kingine, nikalamba. Kando yangu mke wangu amechuchumaa, anakwaruza vijiwe kwa kucha na kuvipanga mafungu mawili, vyeupe huku, vyeusi huku, kama tuko Rwamgasa na kiroba kimepanda sasa hivi. Sisi wawili tulikuwa kazini kabisa.

Nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja wa nchi nyingine, ndevu nyeupe, lugha yake siijui. Alinitazama muda mrefu. Nilipolamba la tatu au la nne, naye akaokota jiwe, akalibusu kwa ncha ya ulimi, akaliinua kwenye mwanga kwa heshima kubwa. Mkewe akafanya vile vile. Kisha wanawe. Nilipogeuka, mstari mzima wa mahujaji ulikuwa unalamba mawe.

Sheikh Idrisa alikuja mbio, ihramu ameishika kiunoni isimtoke.

"Mzee Ulimi! Mzee Ulimi! Sunna hii umeitoa kwa nani?"

"Kwa Masanja, Sheikh."

"Masanja ni nani katika wanazuoni?"

Shabani alikuwa ameficha uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika. Sheikh akawaeleza wale wageni kwa Kiarabu, wakaweka mawe chini polepole, wakionekana wamepungukiwa kidogo. Kisha akanigeukia, na mwenyewe kicheko kilikuwa kinamtoka puani. "Mzee wangu, hapa hatutafuti jiwe lililo bora. Na ukilipata, halitoki nje ya eneo hili takatifu."

Wakati huo nilikuwa na kimoja kiganjani, cheupe, kina uzi mwembamba wa kahawia. Jiwe la namna hiyo mngelipigania. Mke wangu akaniona ninavyolishika.

"Baba Shabani, leo hakuna kuchagua," akasema, na kwa mkono wa kushoto akayachanganya mafungu yake mawili kuwa moja. "Leo yote ni magwangala. Tupa."

Basi nikafumba macho nikaokota. Kwa mara ya kwanza tangu Masanja anikalishe kando yake, nilishika jiwe bila kuliuliza una nini. Mtashangaa jinsi lilivyo jepesi.

Asubuhi hiyo hiyo tukatembea na umati hadi Mina, mdomoni labbayka, hadi kwenye nguzo kubwa ya Akaba. Siku hizi imejengwa ukuta mrefu, na chini yake birika la kupokelea mawe. Sheikh alituongoza hadi mwisho wa ukuta, ambako watu walikuwa wamepungua. Shabani akasimama nyuma ya mama yake, mikono ameitanua, mgongo wake unapokea misukumo ya watu. Mimi kando yake.

"Bismillahi, Allahu Akbar!"

Na hapo akafanya kosa. Kila mtu mbele yetu alikuwa anainua mkono juu na kurusha kwa nguvu, naye akataka kurusha kama wao. Bega likamkata katikati. Jiwe likaanguka hatua chache tu kutoka miguuni, nje ya birika. Halihesabiki. Akauma meno. La pili akalirusha vile vile, kwa hasira zaidi, likagonga kisigino cha mtu na kupotea.

Shabani alipitisha tu mkono wake mmoja mbele, kiganja wazi, akangoja. Mke wangu akakiangalia kile kiganja. Miaka yote ile ya nyundo ilikuwa imebakiwa na kijiwe kimoja ukubwa wa dengu.

Nikamwinamia sikioni. "Mama Shabani. Wale wako juu, wewe uko chini. Dari hiyo hapo. Bega liache nyumbani."

Akanitazama. Kisha akaushusha mkono kando ya paja, taratibu, ukalegea. Mwili mzima ukalegea.

"Bismillahi, Allahu Akbar," akasema.

Na mimi, kwa sauti ile iliyowaliza watu wengi pale mdomoni mwa duara, sauti niliyoshikiwa kola kwa ajili yake, nikapaza: "TUPA!"

Kifundo kikakunjuka. Jiwe likapita chini ya kwapa la mtu mrefu aliyekuwa mbele yetu, likapanda kidogo, likagonga ukuta, likadondoka ndani ya birika. Sikuisikia sauti yake kwa sababu ya umati, lakini masikio yangu yalisema kwaa! Shabani akafunga kiganja chake, akakivuta nyuma, akapiga takbira kubwa kuliko yetu.

"Tupa!" Jingine likafika. "Tupa!" Jingine tena. Shabani naye akaanza kuitikia, sauti inamkatika, "Tupa, Mama! Tupa!" hadi yaliyofika yakatimia saba, mawili ya mwisho ni ya akiba, na mke wangu hakuwa akirusha tena kwa kupima, alikuwa anamwaga tu, kama mtu anayemwaga maji ya kikombe kilichokaa muda mrefu. Alipomaliza akaukunjua ule mkono wa kulia akautazama, mweupe kwa vumbi la changarawe.

"Umefika," akauambia. Kisha akanigeukia: "Sogea, na wewe utupe. Unazuia watu."

Siku zilizofuata, kwenye nguzo zote tatu, alitupa mwenyewe na hakuuliza mtu. Yule mzee mwenye ndevu nyeupe tulipishana naye njiani. Akanitolea ncha ya ulimi, akacheka, akanikumbatia.

Niliporudi nilifika Rwamgasa kuwaaga, mliniona. Ambacho hamkukiona ni nilipopita kwa Masanja, nyumbani kwake nyuma ya makarasha. Kifua kinambana sasa, hatoki. Yeye si wa msikiti wala wa kanisa, ana mizimu yake, na Ijumaa huiheshimu sawa na Jumapili, kwa kulala. Nilimpelekea tende na chupa ndogo ya zamzam, nikamsimulia yote, hadi pale sunna yake ilipotaka kuenea duniani. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akacheka tena.

"Na yale mliyotupa," akauliza alipopumua, "uliyalamba?"

"Hayo hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Kwa hiyo hujui yalikuwa na nini ndani."

"Sijui, Masanja. Na sitaki kujua."

Akanishika mkono. "Wabeja," akanishukuru. "Basi kweli umestaafu, wewe."

Nikammiminia zamzam kwenye kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akachovya kwanza ncha ya ulimi. Akasubiri. Akakisogeza kikombe mlangoni penye jua, akakirudisha kivulini, akakitoa tena juani, macho ameyafinya kama zamani. Kisha akatoa hukumu yake, ile niliyomsikia akiitoa mara chache mno.

"Weka."